Mahindi ya ukame: WEMA au DTMA?
WEMA na DTMA ilikuwa miradi ya kuzalisha mahindi yanayostahimili ukame barani Afrika, na yote miwili ilifadhiliwa na wakfu wa Bill na Melinda Gates. WEMA, ulioanza 2008 ukiratibiwa na AATF, shirika la Kiafrika la teknolojia ya kilimo, uliishirikisha Monsanto, kampuni ya mbegu ya Marekani, iliyotoa jeni zake bila kudai mrabaha (malipo ya haki miliki). Ukarimu, ndiyo, lakini mbegu ni chotara, ambazo mavuno yake hushuka ukizipanda tena: mkulima hurudi dukani kila msimu, mrabaha usiwepo au uwepo. DTMA wa vituo vya kimataifa vya utafiti wa kilimo CIMMYT na IITA ulitumia uzalishaji wa kawaida, bila kupandikiza jeni, na baadhi ya aina zake unaweza kuhifadhi mbegu ukapanda tena.

Funza wa mabua wakikusumbua, jeni ya Bt ya WEMA, iliyopandikizwa ili mahindi yajikinge na wadudu hao, inashinda. Kisheria, DTMA ni salama zaidi, kwa kuwa si GMO (mazao yaliyopandikizwa jeni). Tanzania ilisitisha majaribio ya GMO mwaka 2018. Huna pesa ya mbegu kila mwaka? Anza na DTMA.