TAHADHARI: Diski kuukuu za breki zinauzwa kama mpya Dodoma

Ndugu wenye magari, hasa Toyota ndogo kama IST na Raum, kuna duka la spea hapa mjini Dodoma linalouza diski za breki zilizokwisha kutumika, zikakerezwa na kupakwa rangi ya fedha, kisha zikawekwa kwenye boksi jeupe pamoja na breki pedi na kuuzwa kwa bei ya diski mpya. Jina la duka silitaji kwa kuwa malalamiko yangu yamekwisha kufikishwa Tume ya Ushindani (FCC).

Gari langu, lililofungwa seti hiyo, lilianza usumbufu siku ileile lilipotoka gereji. Ukikanyaga breki katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa, pedali inakurudishia mapigo mguuni na usukani unatikisika. Ukiachia, gurudumu la mbele kushoto linaendelea kubanwa, na kutoka Ihumwa hadi mjini rimu yake inapata moto usiogusika ilhali ya kulia ni vuguvugu tu. Muuzaji alijibu kwamba breki mpya lazima zizoee. Kauli hiyo ina chembe ya ukweli, ndiyo maana inawanasa wengi: pedi mpya huhitaji kukanyagwa taratibu mara kadhaa ili zishikane vizuri na diski, lakini kuzoea huko hakuelezi mapigo makali kiasi hicho, sembuse gurudumu kung'ang'ania.

Kwa haki, si kila tatizo la namna hii ni la muuzaji. Fundi asiposugua kutu kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, kabla ya kuvika diski, au akikaza nati za tairi kwa kufuata duara badala ya kukingamisha, hata diski mpya kabisa inaweza kukaa upande na kuleta mapigo. Vilevile pini za kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski) zilizokauka grisi, pistoni yenye kutu, au paipu ya mpira iliyoziba kwa ndani, hufanya breki isiachie. Fundi wa pili alianzia huko huko. Habu ilikuwa safi, pini ziliteleza na pistoni ilirudi bila shida.

Alipochomeka bisibisi kwenye matundu ya hewa ya diski, yalidondoka magamba ya kutu yenye rangi ya fedha juu yake, na mahali panapoandikwa MIN TH, yaani unene wa mwisho unaoruhusiwa kwa milimita, palikuwa pamesagwa. Mikromita, kipimo cha unene, ilionyesha unene unaobadilika kadiri diski inavyozungushwa, na kwa diski tofauti ya sehemu chache tu za mia za milimita inatosha kuleta mapigo. Bati la nyuma la pedi nalo lilikuwa pana kuliko nafasi yake, hivyo pedi ziliingizwa kwa nyundo (hapo fundi wa kwanza alipaswa kusita), na pedi iliyoingia kwa nyundo hairudi nyuma unapoachia mguu.

Kwa hiyo fungua boksi dukani kabla ya kulipa, umulike matundu ya hewa kwa tochi ya simu, utafute maandishi ya MIN TH, na uangalie kama matundu ya boliti yana michubuko ya kufungwa na kufunguliwa. Dai risiti ya EFD inayotaja bidhaa yenyewe. Duka hili hutoa kikaratasi cha mkono, na ukirudi linakana kuwa lilikuuzia. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi, ila bila ushahidi wa manunuzi utahangaika.

Aliyekwisha kufunga seti ya boksi jeupe lisilo na jina la mtengenezaji, asiende nayo njia ya Iringa na kushuka mlima Nyang'oro kabla haijapimwa, kwa sababu breki inayobana hupasha moto mafuta ya breki, na yakichemka pedali huzama hadi sakafuni gari likiwa bado mteremkoni.