Tiketi moja ya kuunganisha, au mbili mbalimbali?

Wana Tanga wanaoshuka Dar kuwahi ndege ya London au Mumbai, na kubadilisha ndege njiani, hubishana sana: tiketi moja ya safari yote, au kila ndege na tiketi yake? Kwa bei, tiketi mbili za mashirika tofauti mara nyingi hushinda. Kwa uhakika hazifui dafu: ndege ya kwanza ikichelewa, ya pili inakuacha, unahesabiwa hukutokea, na nauli imekwenda. Kwenye tiketi moja, shirika ndilo hukutafutia ndege nyingine. Begi nalo kwa kawaida hupitilizwa hadi mwisho. Kwa mbili utalichukua mwenyewe, ulirudishe kaunta, na pengine udaiwe viza kwanza. Kijana mwenye begi la mgongoni na saa nyingi za kusubiri, achukue mbili. Anayempeleka bibi matibabuni, tena basi limeshamchosha tangu Segera, moja.