Chinatown ya Manhattan: Usiniulize Mgahawa, Niulize Sahani

Haya, habari zenu ndugu zangu, karibuni tena. Leo niko New York, Manhattan, na kwa kelele hizi mnazosikia nyuma yangu mshajua niko Canal Street. Wengi wenu mnaandika mnakuja Marekani kuwatembelea ndugu, mna siku moja ya kuzurura mjini, mnataka kula Chinatown, yaani mtaa wa Wachina, nami niwatajie mgahawa mmoja wa uhakika.

Sitautaja. Kwa sababu ukikaa meza moja hapa, ukafunguliwa ile menyu nene kama daftari la shule, ukaishia kuagiza wali wa kukaanga na kuku, utashiba, ndiyo, lakini wali huo ungeupata hata kule ulikofikia. Huku kila mlango una kitu chake ambacho watu wanakifuata. Unakula hicho, unalipa, unatoka, unaenda mlango mwingine. Kwa hiyo njooni wawili au watatu, mgawane sahani, na msinywe chai nzito asubuhi.

Treni nyingi zinasimama Canal Street. Mimi lakini nawashauri mpande B au D mshuke Grand Street. Pale mnatokea katikati ya wauza samaki na mboga, mama wa Kichina wanapigania mchicha, hakuna anayekuuzia saa ya Rolex ya uongo. Canal mtaipitia baadaye.

Tuanze na Bowery, kona ya Bayard. Mgahawa unaitwa Great NY Noodletown. Dirishani mnaona bata wamening'inizwa kwa shingo, wekundu wanang'aa, mafuta yanadondoka chini kwenye trei. Nyuma ya kioo kuna jamaa na kisu kipana na gogo la kukatia. Bata mzima anaisha kwa dakika, mifupa na vyote, halafu vipande vinapangwa juu ya wali vikiwa vimelala upande mmoja. Ngozi imekauka ikawa kama kaki, chini yake mafuta, chini ya mafuta nyama. Muulizeni anachotoa moto sasa hivi.

Ila sahani ninayowapeleka pale hata nyama haina. Ni tambi na tangawizi. Tambi nyembamba za mayai, kavu, juu yake tangawizi iliyosagwa na vitunguu vya majani vilivyokatwa vidogo, vimelowekwa kwenye mafuta na chumvi. Basi, hakuna kingine. Ukiiona mezani utasema nimekudanganya. Changanya kwa vijiti mpaka chini, usile juu juu, halafu mwagia pilipili kidogo. Mimi tangawizi nimekulia kwenye chai, na sikuijua kwenye tambi mpaka nilipofika pale.

Huo ni upande wa Wakantoni, yaani watu wa kusini mwa China, ndio wenyeji wa zamani wa mitaa ya Mott, Pell na Bayard. Na hapa niwape historia kidogo, msikimbie. Mwaka 1882 Marekani ilipitisha sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina wasiingie nchini. Wafanyabiashara waliruhusiwa. Mwaka 1915 mahakama ikakubali kwamba mwenye mgahawa naye ahesabiwe mfanyabiashara, akapata njia ya kusafiri na kuleta watu wake. Migahawa ya Kichina ikaota kama uyoga. Hiyo sheria ilifutwa 1943, na milango ilifunguliwa hasa 1965. Wo Hop ya Mott Street, ile mnayoshuka ngazi kwenda chini, ipo tangu 1938. Chakula chake ni Kichina cha Kimarekani cha zamani, mchuzi mzito, sahani kubwa. Nendeni usiku mkiwa na njaa kali. Mchana msipoteze tumbo lenu pale.

Sasa vukeni Bowery muelekee mashariki, Eldridge Street na East Broadway. Huku lugha inabadilika, ni watu wa mkoa wa Fujian, wa jiji la Fuzhou hasa, waliokuja kwa wingi kuanzia miaka ya 1980. Huku ndiko ninakokula mimi nikiwa sina kamera. Grand Street, karibu na Eldridge, kuna chumba kidogo kinaitwa Shu Jiao Fu Zhou. Viti vichache, taa kali, watu hawaongei, wanakula. Agizeni tambi za karanga. Zinakuja zimefunikwa na mchuzi wa karanga mwepesi, moto. Mtu wa pwani au wa Kampala akionja kijiko cha kwanza anatabasamu, maana karanga ni yetu, mchuzi huu anaujua. Kisha anaongeza siki nyeusi iliyo pale mezani, anaongeza pilipili, na hapo anatambua kuwa hajawahi kula kitu hiki. Bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na mji huu. Kama nyinyi ni wa kula sahani moja tu, basi iwe hii.

Pale pale kuna vifundo vya unga vyenye nyama ndani ya supu. Vizuri, ila ni nguruwe. Na Fuzhou wana vidonge vya samaki, vyeupe, vya mviringo, mtu anadhani ni samaki mtupu, kumbe katikati wameficha nyama ya nguruwe. Nitarudi kwenye hilo, najua mnasubiri.

Mkishuka Eldridge mtakuta Super Taste, kwa tambi za kuvutwa kwa mkono. Kaeni mnapoweza kumwona mpishi. Anachukua donge la unga wa ngano, anavuta mikono miwili mpaka upana wa kifua, anakunja katikati, anavuta tena, anapiga mezani pa! Kila akikunja nyuzi zinaongezeka mara mbili: mbili, nne, nane. Akikunja mara saba ana nyuzi 128 mkononi na kisu hakijagusa kitu. Zinaingia kwenye maji yanayochemka, muda mfupi tu, kisha kwenye bakuli la supu ya ng'ombe. Mimi nachukua hiyo ya ng'ombe na giligilani juu. Kuleni haraka, zikikaa kwenye supu zinavimba na kulegea.

Rudini Bayard. Xi'an Famous Foods ina matawi mengi sasa, na kuna watu wanaibeza kwa hilo. Mimi siibezi. Ilianza 2005 kwenye duka la chini ya ardhi huko Flushing, eneo la Queens, hapa hapa New York, na chakula chake ni cha mji wa Xi'an, kaskazini-magharibi, njia ya misafara ya zamani ya biashara. Ndiyo maana utakuta nyama ya kondoo na bizari nyembamba, ile ile ya pilau. Inakaangwa na vitunguu na pilipili, inamwagwa juu ya tambi pana kama mkanda wa suruali. Harufu ikifika mezani mtaangaliana. Mkiambiwa mchague ukali wa pilipili, msijifanye mashujaa.

Doyers Street je? Nendeni, mtaa wenyewe umepinda kama kiwiko, na mwanzoni mwa karne iliyopita magenge yalikuwa yanaviziana kwenye ile kona na kuuana. Leo watu wanapiga picha. Nom Wah Tea Parlor ipo hapo tangu 1920. Ni dim sum, vyakula vidogo vidogo vya kula na chai, vingi vinakuja ndani ya vikapu vya mianzi vikitoa mvuke. Unaandika kwenye karatasi unachotaka. Ukumbi ni mzuri mno, vile viti vyekundu na ile kaunta ya kale. Naenda kwa ajili ya ukumbi, nakunywa chai, nachukua vikapu viwili vitatu, natoka. Siku ya kazi asubuhi mtapata kiti, Jumapili adhuhuri msijaribu. Na mtu akikumiminia chai, gonga meza kwa vidole viwili, ndiyo asante yao, huna haja ya kusimamisha maongezi.

Haya, nguruwe. Waislamu wenzangu, tuwe wakweli: mtaa huu ni wa nguruwe. Hata sahani ya mboga inaweza kuwa na supu ya mifupa yake, na vitafunio vingi vya unga vinapikwa na mafuta yake. Msiulize tu "ina nguruwe?", ulizeni supu imetokana na nini, na mafuta ni ya nini. Zile damplingi, yaani vifundo vya unga, maarufu zenye mchuzi ndani, za Joe's Shanghai pale Bowery, ule mchuzi ni supu iliyogandishwa ikachanganywa na nyama, ikipata mvuke inayeyuka. Ni ufundi mkubwa, lakini kwa kawaida ni nguruwe. Ile ya kondoo ya Xi'an pia inapikwa jiko moja na nguruwe, kila mtu na msimamo wake. Asiyetaka mashaka aende Buddha Bodai, Mott Street namba 5. Nyama hawana kabisa, ni mboga, uyoga na soya, na wako chini ya usimamizi wa kidini wa Wayahudi. Dim sum yao mtakula bila kuchunguza chunguza.

Mambo ya pesa. Bebeni keshi, sehemu nyingi kadi hawataki. Bei ya menyu si ya mwisho, kuna kodi ya asilimia 8.875, na mkihudumiwa mezani mnaacha bakshishi, asilimia 18 mpaka 20. Someni risiti kwanza! Kuna mahali, sitapataja, bakshishi ilikuwa imeshaandikwa ndani ya hesabu na mhudumu bado akatabasamu akingoja nyingine. Kwenye kaunta za kuagiza na kubeba, hapana shida.

Mkiwa na nafasi tumboni, Bayard hapo hapo kuna Chinatown Ice Cream Factory, tangu miaka ya 1970. Ya ufuta mweusi, msichukue vanila. Kaeni nayo Columbus Park muangalie wazee wanacheza karata.

Wanaoniuliza kuhusu Chinatown ya Flushing, treni namba 7 mpaka kituo cha mwisho, ile nitaifanyia video yake, maana ni kubwa kuliko hii na inahitaji siku nzima. Niandikieni hapo chini mnataka nianze na tambi au na nyama.