Tamasha la Konark: fika hekaluni mchana, ngoma ni jioni

Kwa wenye haraka: nenda, lakini usiende jioni peke yake. Ukitoka garini moja kwa moja hadi kwenye kiti, utaona watu waliopambwa vizuri wakicheza vizuri, basi. Wakala niliyemlipa kule Puri, mji wa jirani, alitaka tuondoke saa kumi alasiri, eti kinachotazamwa ni onyesho. Nilimwachia safari yake nikapanda basi la kawaida asubuhi. Ni kama kilomita 35 tu, barabara inafuata pwani, na kuna mivinje ambayo mtu wa Tanga au Malindi hataishangaa.

Tamasha hili la ngoma hufanyika kila mwaka tarehe 1 hadi 5 Desemba, mjini Konark katika jimbo la Odisha, mashariki mwa India. Jukwaa liko nje, na nyuma yake unaliona Hekalu la Jua likimulikwa kwa taa. Mfalme Narasimhadeva wa Kwanza ndiye aliyelijenga katika karne ya 13, kwa umbo la gari la mungu jua Surya, lenye magurudumu 24 ya mawe na farasi saba. Mnara mkuu ulianguka zamani. Uliobaki mbele ni ukumbi wa ngoma, Natamandira, usio na paa tena, na hapo ndipo nilipomalizia mchana wangu.

Kuta na nguzo za ukumbi ule zimejaa wacheza ngoma. Mwanamke wa jiwe amekunja goti, nyonga imekwenda huku, kifua kule, kichwa kikarudi upande wa nyonga. Mwenzake anapiga ngoma ya pande mbili, mwingine ana matoazi. Katikati yao zimechongwa mimea inayotambaa, na kwenye msingi wa hekalu kuna misafara ya tembo isiyoisha. Kuna na wapenzi, tena waziwazi. Ukifuatana na wakwe, jiandae. Usisahau pia kumuulizia kiongozi twiga. Upo mchongo wa mnyama mwenye shingo ndefu ambaye wengi husema ni twiga, na India haina twiga wa asili. Nilisimama pale nikijiuliza alipakiwa katika bandari ipi ya kwetu.

Jioni ikaja Odissi, ngoma ya jimbo hilo hilo. Tamasha huleta pia mitindo mingine ya India, na sina neno baya juu yake, lakini Odissi ndiyo iliyonipeleka. Zamani ilichezwa na mahari, wanawake waliowekwa wakfu kwa mungu Jagannath wa Puri, na pia na wavulana wanaovalishwa kike, gotipua. Wakati wa ukoloni ilififia. Katika miaka ya 1950 walimu kadhaa, akiwemo Kelucharan Mohapatra, walikaa kuiunda upya. Walichukua kumbukumbu za mahari na gotipua, wakasoma maandiko ya kale, na wakaenda kutazama mawe ya mahekalu. Mchongaji alimwangalia mcheza ngoma. Miaka mia saba baadaye mcheza ngoma akaja kujifunza kwa jiwe. Mimi niliyekuwa nimeyakodolea mawe yale mchana kutwa, mchezaji alipovunja nyonga na kutulia kidogo, nilimtambua mara moja.

Sisi tuliokulia kwenye filamu za Kihindi tunangoja kasi. Hapa kipande cha pallavi, ambacho hakina kisa wala maneno ya kufuata, kilianza na macho tu. Kisha shingo. Kisha bega, kiuno, na mwishowe nyayo, huku njuga zikijibizana na mardala, ile ngoma ya pande mbili, hadi watazamaji wote wakawa wanahesabu kimoyomoyo. Ni mti unaota mbele yako.

Baadaye ukaja mchezo wa kisa, kutoka Gita Govinda, utenzi wa Kisanskriti ulioandikwa na Jayadeva katika karne ya 12. Upepo laini unapita kwenye mikarafuu inayotambaa na nyuki wanavuma. (Mpemba atacheka kusikia mkarafuu unatambaa, ila mshairi ana ruhusa zake.) Yote hayo yalifanywa kwa vidole. Kidole cha pete kikigusa gumba na vingine vikinyooka, huyo ni tausi. Vidole vitatu vya kati vikiinama, gumba na kidole cha mwisho vikisimama, umemwona paa. Vyote vikitawanyika kama petali, ni yungiyungi limefunguka. Kitabu cha Abhinaya Darpana kinataja ishara 28 za mkono mmoja, kadhaa zikiwa na majina ya wanyama na maua, kwa hiyo zisome kidogo kabla hujaenda. Bila hivyo utaona mikono mizuri tu.

Mavazi nayo yana hadithi yake: mapambo ya fedha ya nyuzi nyembamba kutoka mji wa Cuttack, rangi nyekundu miguuni ambayo si hina, na taji jeupe la shola, moyo laini wa mmea wa majini, lenye ncha mfano wa mnara wa hekalu.

Kesho yake nilipita Raghurajpur, kijiji alichozaliwa Kelucharan, ambako familia kwa familia huchora pattachitra, picha za jadi za juu ya kitambaa. Jicho refu lile lile, kiuno kile kile. Nusu siku inatosha, na ukipendezwa na picha nunua kwa mchoraji mwenyewe. Maonyesho ya sanamu za mchanga pale ufukweni Chandrabhaga, siku hizo hizo za tamasha, ni mazuri kwa watoto.

Nimetoa nyota nne. Tano ningetoa kama ningekaa mbele kabisa. Kundi la wachezaji linapendeza hata kutoka nyuma, lakini macho hayaonekani, na robo tatu ya kisa imo machoni. Kwa hiyo wahi tiketi za mbele. Beba sweta, kwani upepo wa bahari usiku wa Desemba si mchezo, na dawa ya mbu.