Trampolini ya futi 12 yenye springi 72: inamfaa nani?

Katoni ya trampolini hii (kitambaa cha kurukia kilichovutwa na springi ndani ya fremu ya duara) imeandikwa "kilo 150", na wanunuzi wengi huishia hapo. Namba hiyo inahusu fremu isipinde. Haikwambii utaruka vipi. Mruko uko kwenye springi, na hizi ni 72 za inchi 7, zilizopakwa zinki.

Mtoto wa kilo 20 akisimama katikati, kitambaa kinabonyea kidogo tu na springi karibu hazijavutika. Ataruka, lakini atalalamika kwamba ni gumu. Kijana wa kilo 50 hadi 75 ndiye anayeifaidi. Mtu wa kilo 100 huzama sana na kukawia kurudishwa, hivyo mdundo wake ni wa polepole. Akikazana zaidi, ajue kitambaa kiko kama sm 85 tu juu ya ardhi.

Ukitaka kuelewa kwa nini springi huchoka, piga hesabu hii. Mtu wa kilo 70 akidondoka kutoka sm 50 juu ya kitambaa, kikazama sm 40, pale chini kabisa kitambaa hubeba mzigo wa kama kilo 315. Ukigawa kwa 72 unapata kilo 4 na ushee kwa kila springi. Ila springi hizi zimelala, hazikusimama, kwa hiyo mvuto halisi ni mara 4 au 5 ya hapo: karibu kilo 20 kila moja, mbali na ule mkazo wa kufungia. Zikikatika tatu upande mmoja, mzigo wake unaangukia majirani, na kinachofuata kuachia ni mshono wa vile vipete vya pembetatu ukingoni mwa kitambaa, ambamo springi hunasa. Ndiyo maana ule ujanja wa kutoa springi moja moja ili watoto walainishiwe ni wa kuharibu kitambaa.

Kufunga kunahitaji watu wawili na kile kindoano cha kuvutia kinachokuja kwenye boksi (plaizi huteleza, na hukwangua zinki). Usizunguke kwa mpangilio wa 1, 2, 3. Anza na tundu la 1 la fremu, kisha 37, halafu 19 na 55. Fuata 10, 46, 28 na 64, ndipo ujaze katikati. Anayezunguka moja kwa moja hukuta kitambaa kimevutwa upande mmoja na springi za mwisho hazifiki. Na ukiruka kipete kimoja bila kujua, utagundua kwenye springi ya 72, ufungue upya karibu nusu.

Springi nzima ikivuliwa, koili zake hugusana. Ukiona mwanga ukipenya kati ya koili, hiyo imekufa. Ya kubadilishia pima kutoka ncha ya ndoano hadi ncha ya pili, ukitumia ambayo haijavutika. Ya inchi 6.5 ukiichanganya na za 7, itavuta kuliko wenzake na itakatika mapema. Pwani, chumvi huanza kula kwenye ndoano, pale zinki iliposuguliwa na fremu. Kagua hapo kila mwezi.

Kasoro kubwa ni ukubwa wenyewe: nafasi inawashawishi watu wapande wawili. Mtu mzima wa kilo 80 akiwa anapanda juu na kitambaa, mtoto wa kilo 20 akatua wakati huohuo, kitambaa kinamjia mguuni kwa nguvu iliyowekwa na kilo 80. Mtoto hurushwa asikotarajia, au mfupa wa mguu huvunjika chini kidogo ya goti bila hata kuanguka. Aruke mmoja mmoja, na aliye chini ya miaka 6 asipande.

Kwa nyumba yenye vijana na uwanja tambarare, inunue. Anayekodisha vifaa vya sherehe za watoto, ambako kumi watapanda kwa pamoja upende usipende, achukue lile puto kubwa la kurukia.