Usukani wa gari la kasi: ununue upi ukiwa Malindi

Juzi kijana mmoja aliingia gereji hapa Maweni na usukani mzima wa Probox begani, raki (sehemu ya meno inayogeuza matairi), shafti na mota yake, jasho linamtiririka. "Kaka, nimeupata bei ya bure." Anaunda gari la kwenda kasi moja kwa moja, kama yale yanayokimbizwa Bonneville, Utah, juu ya chumvi kavu. (Mabwawa ya chumvi ya Gongoni usiyafikirie, utazama kwenye tope.) Nikamuuliza: katikati yake umepapima?

Gari la sokoni hukata kona kutwa, kwa hiyo linataka usukani mwepesi. Gari la kasi huishi katikati, yaani usukani ukiwa umenyooka. Kwa kilomita 200 kwa saa unapita kama mita 55 kila sekunde, na mkono ukitikisika kidogo tu, usukani wa haraka unakutoa kwenye mstari. Unatakiwa ule unaozungushwa mizunguko mingi ili matairi yageuke kidogo, na usiolegea hata chembe ukiwa umenyooka. Shida ni kwamba mtumba huliwa zaidi hapo hapo katikati, maana kila gari muda mwingi huenda mbele.

Kwangu mimi namba moja ni raki ya Pijo 504 isiyo na pawa, yaani unageuza kwa nguvu ya mkono tu. 504 zilishinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978, na barabara za wakati ule hazikuwa lami za kubembeleza. Raki ni kitu chepesi kuelewa: gurudumu dogo la meno linasukuma fimbo ya meno, basi. Ukiipata, ibane kwenye jiliwa. Zungusha kutoka mwisho hadi mwisho ukihesabu mizunguko, kisha irudishe katikati. Shika shafti isicheze, na kwa mkono mwingine vuta na sukuma fimbo. Ukisikia "tok", iache. Usiposikia, bado usitoe pesa. Zungusha polepole hadi mwisho wa kushoto, halafu kulia. Mimi niliwahi kuuziwa moja iliyokuwa imara kabisa katikati. Nyumbani nikakuta inakwama pembeni zote mbili. Muuzaji alikuwa amekaza skrubu ya kurekebisha ili afiche meno yaliyolika. Ile raki mpaka leo naizuilia mlango usipigwe na upepo.

Vuta pia mpira wa pembeni utazame fimbo. Upepo wetu wa bahari una chumvi, na fimbo yenye madoa ya kutu hukwaruza kila inapopita.

Namba mbili, na wengi watashangaa, ni raki ya Probox au Vitz, lakini raki peke yake. Mota ya umeme iko juu kwenye shafti. Ukiivua, kinachobaki chini ni raki ya kawaida. Huwa ya haraka kuliko tunavyotaka, kwa hiyo refusha mkono wa gurudumu unaoshika tairodi (fimbo inayotoka kwenye raki kwenda kwenye gurudumu), matairi yatageuka kwa pembe ndogo zaidi.

Tatu, boksi la usukani la Suzuki ndogo ya zamani au Land Rover Series, hasa kama mbele umeweka ekseli nzima. Ndani mna gololi zinazoviringika kwenye mifereji, na ni gumu kufa. Ubaya wake ni vyuma vingi vya kuunganisha, kila kiungo na ulegevu wake. Mkono wa boksi ukiwa mfupi usukani unakuwa wa polepole zaidi, lakini tafuta ulio mfupi tangu kiwandani. Usikate na kuchomea, moto unaua chuma kile. Na ukiligeuza boksi juu chini ili lienee, jaribu kabla ya kupaka rangi. Mwenzangu alikata kulia, matairi yakaenda kushoto. Tulicheka kwa sababu gari lilikuwa juu ya mawe.

Boksi la Beetle ni dogo na linaingia kwenye bodi nyembamba, ila kulipata ambalo halijalika ni bahati.

Raki ya pawa iliyotolewa pampu na kuunganishwa mabomba yake naiweka chini kabisa. Ndani ina kijiti kinachojipinda kabla meno hayajasogea, nawe unataka jibu papo hapo. Na usukani wa gokati wala siuhesabu.

Ukiona ThrustSSC, lile gari la jeti la rekodi ya kasi, ilikata usukani kwa magurudumu ya nyuma ilipofika kilomita 1,228 kwa saa kule Nevada mwaka 1997, usiige. Wewe kaza nati zako za tairodi, tia spilipini mpya (pini za kuzuia nati zisifunguke), endelea.

Yule kijana tulibana raki yake kwenye jiliwa. Haikulia. Mota ameivua, anaitafutia mnunuzi.