Mafunzo ya uamuzi wa mbio za kutembea, Mtwara mjini: nimekula nini kwa elfu thelathini yangu

Nianze na hela, maana ndiyo kila mtu anayoniuliza. Mafunzo ya siku mbili ya kuamua mbio za kutembea, Jumamosi na Jumapili, shilingi 30,000, chai na chakula cha mchana humo humo. Nililipa kwa simu siku tatu kabla, risiti nikaipata Jumapili jioni baada ya kuidai mara tatu. Waandaaji siwataji. Ni vijana wanaojitahidi, na haya ninayoyaandika nimeshawaambia usoni.

Wanaonijua watashangaa nilifuata nini huko. Mimi ni karani wa mizani kwenye ghala la korosho, kitambi ninacho, na mwendo wangu mkali kuliko yote ni wa kuwahi gari la Mikindani. Nilifuata kesi. Mwaka jana mpwa wangu, binti wa dada yangu, alitolewa kwenye mashindano ya kutembea ya kilomita tano. Kwetu Umakondeni mjomba si mtu wa kuleta kitenge sikukuu tu. Mtoto akidhulumiwa, watu wanauliza mjomba alikuwa wapi. Mjomba alikuwepo pale pale kando ya lami, ameshika chupa ya maji, hajui hata kifungu kimoja cha kumtetea. Alichokiona ni mzee mwenye filimbi kamshika binti mkono, kamvuta pembeni, kamwambia "unakimbia wewe." Utepe wa mwisho tulikuwa tunauona.

Kwa hiyo niliposikia kuna mafunzo, nikajiandikisha siku hiyo hiyo.

Jumamosi tulikaa darasani, watu kumi na mmoja, feni moja, na hiyo feni ilikuwa inamfuata mkufunzi. Mkufunzi mwenyewe ni mama wa makamo aliyetokea Lindi, sauti ya upole, jicho la mwewe. Huyu ndiye sababu ya nyota nyingi nitakazotoa. Aliandika ubaoni kanuni namba 54 ya World Athletics, shirikisho la riadha la dunia, akaigawa mara mbili. Moja: mtembeaji asionekane kwa jicho la mwanadamu ameachana na ardhi. Mbili: mguu unaotangulia uwe umenyooka, goti lisikunjwe, tangu unapogusa chini mpaka unapokuwa wima chini ya mwili. Akasema makosa ni hayo mawili tu, tuyaite kuelea na kukunja, mengine ni mbwembwe.

Hapo ndipo nilipojua kwamba miaka yote nimekuwa nikipiga kelele bure. Mimi nilidhani goti linatakiwa linyooke muda wote, kama mtu aliyefungwa ubao. Kumbe likishapita pale wima lina ruhusa ya kukunjika, tena lazima likunjike, la sivyo mguu utarudije mbele? Mkufunzi alivua viatu akatembea kati ya madawati polepole, kila hatua akisimama: "Hapa bado. Hapa bado. Hapa ruksa." Nimeona watu wengi wakifundisha vitu vingi, lakini kufundishwa goti kwa mtindo ule, sijawahi.

Kisha vibao na kadi. Kibao cha njano ni onyo: uko ukingoni, jirekebishe. Mwamuzi mmoja anakuonyesha mara moja tu kwa kila kosa, hawezi kukurudia kwa kosa lile lile. Akiona umevunja sheria wazi wazi, anaandika kadi nyekundu, na si lazima awe ameanza na njano. Hiyo kadi hakupungii usoni. Anaandika namba yako, kosa, saa, anatia saini, inapelekwa kwa mwandishi wa kumbukumbu, inawekwa kwenye ubao wa matangazo wewe ukiendelea kutembea. Kila mwamuzi ana kadi moja tu juu yako. Zikifika tatu kutoka kwa waamuzi watatu tofauti, umetoka, na mwamuzi mkuu ndiye anayekuonyesha kibao chekundu. Kilichonishangaza: hazihitaji kuwa za kosa moja. Mbili za kukunja na moja ya kuelea, hesabu ni tatu.

Siku hizi kwenye mashindano mengi kuna eneo la adhabu. Kadi ya tatu haikutoi moja kwa moja, inakusimamisha: nusu dakika kwa mbio za kilomita 5, dakika moja kwa 10, mbili kwa 20. Ukipata ya nne ndiyo unakwenda nyumbani. Mkufunzi alisema kungekuwa na utaratibu huu Sydney mwaka 2000, pengine historia ingekuwa nyingine. Bernardo Segura wa Meksiko alimaliza wa kwanza kilomita 20, akawa anaongea kwa simu na rais wa nchi yake, ndipo akaletewa habari kwamba ametolewa. Dhahabu ikaenda kwa Robert Korzeniowski wa Poland. Michezo hiyo hiyo, Jane Saville wa Australia alikuwa anaongoza wanawake, uwanja wa nyumbani uko mbele ya macho yake, akaonyeshwa chekundu. Darasa zima tuligeuka waombolezaji.

Nilinyoosha mkono nikatoa kesi yangu.

"Walikuwa waamuzi wangapi, Bwana Mizani?"

"Niliyemwona ni mmoja, Mwalimu."

"Barabarani tunataka sita mpaka tisa, na mkuu wao humo. Mmoja hawezi kumtoa mtu. Alibakiza mita ngapi?"

Nikasema kama themanini. Akanyamaza kidogo. Akaeleza kwamba mwamuzi mkuu ana mamlaka yake peke yake kwenye mita 100 za mwisho, mtu akivunja sheria waziwazi, hata kama hana kadi hata moja. Nikaona kesi inazama. Akamalizia: "Lakini hata hapo anaachwa amalize, ndipo anaonyeshwa kibao. Hatumshiki mtu mkono." Nilitamani kupiga meza. Akanigeukia tena: "Na kuelea, alikuwa anaelea?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa naangalia utepe.

Sasa malalamiko. Kabrasha tulilopewa ni la zamani. Bado linasema wanaume wanashindana kilomita 50 kwenye Olimpiki, wakati mbio hizo zilifanyika kwa mara ya mwisho kwenye michezo ya Tokyo, iliyofanyika 2021. Paris 2024 nafasi yake ilichukuliwa na mbio za kupokezana, mwanamume na mwanamke, umbali wa marathoni. Na kuanzia 2026, kwenye mashindano makubwa, zile za kilomita 20 na 35 zenyewe zinaachia nafasi nusu marathoni na marathoni. Mkufunzi alisahihisha kwa mdomo, sisi tukachora kwa kalamu pembeni. Eneo la adhabu halimo kabisa. Kwa elfu thelathini, kufuta ukurasa mmoja na kupiga kopi upya kungegharimu nini?

La pili, vibao. Kibao halali cha njano kina alama ya kosa pande zote mbili: mstari wa mawimbi kwa kuelea, au pembe kwa kukunja. Maana yake unahitaji viwili. Wao, kwa kubana mbao, walitengeneza kimoja chenye mawimbi huku na pembe kule. Utaona kilichotokea.

Jumapili tulikutana barabara ya ufukweni Shangani saa 12 asubuhi, jua halijakolea, wavuvi wanarudi. Kuchele kweli kweli, yaani kumekucha. Walikuwa wamepima duara la kilomita moja kwa koni. Watembeaji walikuwa wanne, vijana watatu na mpwa wangu, niliyemleta mimi mwenyewe kwa kuwa waandaaji walikuwa wamepata watatu tu. Watembeaji wanne kwa wanafunzi kumi na mmoja ni wachache. Mngojee, apite, mngojee tena. Saa nzima tumeona goti mara chache kuliko nilivyoona bodaboda.

Lakini hizo mara chache! Darasani unaelewa. Barabarani mtu anakupita kwa sekunde moja, nyonga zinacheza, mikono inakata hewa, na wewe unatafuta goti moja kati ya hayo yote. Na hawa ni vijana wa kwetu. Rekodi ya dunia ya kilomita 20, aliyoiweka Toshikazu Yamanishi wa Japani mwaka 2025, ni saa 1 dakika 16 na sekunde 10. Hiyo ni kilomita moja chini ya dakika nne, mtu anatembea, unatakiwa uone kisigino chake. Mwenzetu mmoja alichuchumaa ili aone vizuri. Mkufunzi akamwinua: "Mwamuzi anasimama. Chini huko kila mtu anaruka." Kijana mwingine akatoa simu, akarekodi, akacheza polepole, akatuonyesha kwa furaha miguu yote miwili hewani. Mkufunzi hakuitazama hata ile simu. Sheria inasema jicho la mwanadamu, akasema. Ukiwarekodi mabingwa wa dunia hivyo hivyo, wengi utawakuta hewani. Jicho lisipoona, hajaruka. Ukiwa na shaka, shaka ni mali ya mtembeaji.

Hilo lilinigusa kikazi. Uzito wa korosho unasomwa kwenye mizani, na mizani haina mjomba. Ubora ndio kazi: unachota sampuli, unakata punje moja moja, unatenga nzima, iliyosinyaa, iliyopigwa na wadudu. Mkulima anasema hii nzima, mkaguzi anasema hii imesinyaa, na wote wawili wanaangalia punje ile ile. Nimetazama ugomvi huo misimu mingi nikiwa nimekaa nyuma ya mizani yangu kwa amani. Shangani nilihamishiwa upande wa pili.

Mzunguko wa tatu tulipangwa watano, mbalimbali, hakuna kunong'onezana, maana kila mwamuzi anaamua peke yake. Nilikuwa karibu na mwembe, barabara imenyooka. Mpwa wangu akaja, wa pili, anafukuzia. Mzunguko wa kwanza na wa pili nilikuwa nimemwona safi. Safari hii mabega yamepanda, hatua imefupika, na kabla hajanifikia nikaona kitu kama mwanga unapita chini ya soli zake zote mbili. Nikajiambia ni jua. Akapita mbele yangu nikauona tena. Nikanyanyua kibao cha njano. Yeye akakitazama, akanyoosha goti kwa nguvu zote, akazidi kuruka. Nilikuwa nimegeuza upande wa pembe.

Mzunguko wa nne alirudi vile vile. Nikaandika kadi nyekundu. Namba yake, alama ya mawimbi, saa, saini yangu. Mkono ulikuwa mzito kuliko siku ya kusaini upotevu wa magunia. Tulipokusanyika kwenye ubao, alikuwa na kadi mbili, moja ya mtu wa kona ya pili, na yangu. Waamuzi watatu hawakuona kitu. Kwa hiyo amemaliza, hakutolewa, na hivyo ndivyo mfumo ulivyokusudiwa. Nilimwambia mkufunzi kwamba yule ni mpwa wangu. Alicheka mpaka akashika kiuno. Akasema kwenye mashindano makubwa ya kimataifa waamuzi wawili wa taifa moja hawaruhusiwi kuwa na uwezo wa kumtoa mtu, ila la wajomba halijaandikwa bado.

Binti hakucheka. Tulirudi na bajaji moja bila kusemezana mpaka Chikongola.

Chakula: wali na samaki siku ya kwanza, vizuri, siku ya pili walichelewa, tukanunua ming'oko, ile mizizi ya porini, kwa mama mmoja anayepita na beseni, na nawaambia ukweli, ile ming'oko iliupita wali. Cheti kimeandikwa jina langu kwa kukosea herufi moja, wameahidi kingine. Mtihani wa mwisho una maswali 20, nilipata 15, nikakosa lile la nani anatunza ubao wa kadi.

Nawapa nyota tatu na nusu kati ya tano. Nne na nusu ni za mkufunzi, wengine wanamshusha. Wakipata watembeaji kumi, wakachapa kabrasha jipya na kuchonga vibao viwili viwili, nitalipa hata 50,000. Anayetaka kwenda aende siku ya Jumapili hata kwa kuomba; Jumamosi unaweza kusoma nyumbani. Beba kofia. Na usisimame mahali jua likiwa machoni pako, huko ndiko wanakokuweka.

Vibao vyangu nimechonga mwenyewe kwa mbao za sanduku, viwili, rangi ya njano ya mlango wa dukani, mawimbi pande zote kimoja, pembe pande zote kingine. Mpwa wangu amekubali nisimame kwenye mazoezi yake Jumamosi, kwa sharti nisipige filimbi. Juzi nilimwona amekunja, nikanyanyua. Alinipita bila kugeuza shingo.

"Mjomba, umenyanyua cha kuelea."